Jibu Lenye x Ndani Yake

Wanafunzi wanaokuja kwangu kusoma intigrali za mara mbili na za mara tatu, yaani hesabu za kujumlisha vipande vidogo mno ili kupata kitu kizima kama ujazo, wawe wa uhandisi ujenzi, wa umeme au wa upimaji ardhi, wanafanana kitu kimoja: kuintigreti wanajua. Tena wanajua kwelikweli. Kidato cha tano na cha sita kimewanyoosha. Mpe swali la kubadilisha kigeu, anakuletea jibu. Mpe la kuintigreti kwa sehemu, analimaliza huku anachati. Halafu mpe swali la sentensi moja, "Tafuta ujazo ulio chini ya uso huu na juu ya pembetatu hii," uone kalamu inavyosimama.

Nafundisha hesabu za mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo hapa Sinza, jioni na siku za Jumamosi, barazani kwetu, kwenye meza ya plastiki na ubao mweupe ulioegemezwa ukutani. Sina kituo wala bango. Wanaletana wenyewe kwa wenyewe, na msimu wao naujua: matokeo ya testi yakishabandikwa, simu inaanza kuita. "Shikamoo madam, namba yako nimepewa na fulani, nimekwama na kalkulasi." Wengine wana ndevu na wanakaribia umri wangu, ila madam ni madam.

Kwa nini mtu aliyepata A ya hesabu kidato cha sita akwame hapa? Maoni yangu ni haya. Sekondari, mipaka ya intigrali, yaani pa kuanzia na pa kuishia, huja imeshaandikwa. Chini sifuri, juu mbili, kazi yako ni kukokotoa. Miaka miwili mizima ni nadra mtu kukuuliza hiyo sifuri imetoka wapi. Ukifika chuo unakabidhiwa umbo, mara nyingine kwa maneno matupu bila hata mchoro, na mipaka uitunge mwenyewe. Kisha uamue: uanze na x au uanze na y, ukate wima au mlalo, ubaki na miraba au uhamie kwenye miduara. Njia zote halali zinafika kwenye jibu moja, ila moja inachukua mistari mitatu, nyingine inajaza kurasa, na nyingine haina pa kupita kabisa. Kijana huyu amefanya mitihani tangu darasa la nne, na hii ni mara ya kwanza hesabu inamwambia achague.

Na kuchagua hajafundishwa. Kwa hiyo anafanya anachokijua, anakurupukia alama ya intigrali.

Mimi nilipata walimu wawili. Wa kwanza ni mhadhiri wetu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika moja ya kumbi za Yombo, mzee mpole aliyechora umbo ubaoni taratibu mno hadi waliokaa nyuma wakawa wanapiga soga. Wa pili ni mwenzetu wa kundi la kujisomea, mtoto wa fundi paa wa Temeke, ambaye likizo zake zote aliishi juu ya mabati na baba yake. Tukikaa kupiga msuli usiku, sisi wengine tunakimbizana kuandika, yeye anachora, analaza rula juu ya mchoro, anaisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na kila anaposimama anauliza maswali yaleyale mawili: "Unaingilia wapi? Unatokea wapi?" Intigrali ya mara mbili ni intigrali moja ndani ya nyingine: pale mstari unapoingia kwenye umbo ndipo mpaka wa chini wa ile ya ndani. Unapotokea ndipo mpaka wa juu wa ndani. Hiyo mipaka inaruhusiwa kuwa na herufi, kwa sababu rula ikisogea, mahali pa kuingilia na pa kutokea panabadilika. Lakini pale rula ilipoanza kuligusa umbo na pale ilipoliacha, hapo hapabadiliki. Hiyo ndiyo mipaka ya intigrali ya nje, na ni namba tu.

Kanuni hii ndogo ndiyo inayokamata makosa zaidi ya nusu ninayoyaona mezani kwangu. Binti mmoja wa uhandisi wa maji aliniletea swali la tanki, kurasa mbili za kazi safi, mwandiko wa kuvutia, na jibu la mwisho lilikuwa x² juu ya mbili ongeza tatu. Nikamwuliza, "Tanki hili linaingia lita ngapi?" Akasoma jibu lake kwa sauti, akafika kwenye x, akanyamaza. Akacheka mwenyewe. Lita za tanki hazisubiri mtu aje aseme x ni ngapi. Alikuwa ameweka mpaka wenye x kwenye intigrali ya nje, kwa hiyo x ilinusurika hadi mwisho, hakuna aliyeimaliza. Ukokotoaji wote ulikuwa sahihi. Ndiyo maana hakuona kosa: alikuwa anatafuta alama ya kutoa iliyopotea.

Siku za mwanzo, basi, hatuintigreti chochote. Nawachorea maumbo, wao wanaandika mipaka tu. Ndani ya intigrali naweka f, bila kusema f ni nini. Wanalalamika. "Madam, tutaanza lini kusolvu?" Nawajibu kuwa ndicho tunachofanya. Hawaniamini, ila wanaendelea, kwa sababu wameshalipa.

Kuhusu maana yenyewe ya intigrali ya mara mbili, sijaona mfano unaofaa kwa Dar kuliko kifusi. Anayejenga bondeni anaijua kero hii. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, kimebonyea, unataka kukijaza hadi usawa wa barabara. Mpima anapigilia vigingi kila baada ya mita tano. Vinapatikana vigingi 25 na miraba 16, kila mraba una eneo la mita za mraba 25. Kwenye kila kigingi anasoma kina: hapa sentimita 40, pale 90. Kwa kila mraba anachukua wastani wa vina vya pembe zake nne, anazidisha kwa 25, anajumlisha yote. Wastani wa jumla ukiwa sentimita 60, kifusi kinachotakiwa ni mita za ujazo 240. Kwa tipa la mita za ujazo sita, hizo ni tripu 40, na hapo hujahesabu kwamba kifusi kikishindiliwa kinapungua.

Kijana wa upimaji akifanya hesabu hii kwa mkono anagundua jambo zuri bila kuambiwa: kigingi cha katikati kinaingia kwenye miraba minne, kwa hiyo kinahesabiwa mara nne; cha ukingoni mara mbili; cha pembe za kiwanja mara moja. Vipo tisa vya katikati, 12 vya ukingoni, vinne vya pembe. Tisa mara nne, 12 mara mbili, nne mara moja: jumla 64, ambayo ni pembe nne za miraba 16. Akishaona hivyo, ile kanuni ya kitabuni ya kujaza na kuchimba haimtishi tena.

Sasa sogeza vigingi karibu zaidi, kila mita mbili na nusu. Miraba inakuwa 64, na hesabu inafuata mabonde na vichuguu vya kiwanja vizuri zaidi. Sogeza tena, na tena, bila kukoma. Thamani ambayo jumla hizo zinaikaribia ndiyo intigrali ya mara mbili ya kina juu ya kiwanja. Jumla za namna hii zinaitwa kwa jina la Bernhard Riemann, Mjerumani wa karne ya 19, ingawa Leonhard Euler alishaandika kuhusu intigrali za mara mbili mwishoni mwa miaka ya 1760, na Joseph-Louis Lagrange alizitumia za mara tatu miaka michache baadaye.

Wa uhandisi wa maji nawapa mvua badala ya kifusi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, wala huhitaji kikokotoo. Milimita 80 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 80, sawa na maboza 8,000 ya lita elfu kumi kila moja, na hiyo ni kilomita moja tu. Lakini masika hayanyeshi sawa kila mahali. Huenda milima ya Pugu imepigwa tangu alfajiri huku Upanga jua linawaka. Maji ya Pugu yatashuka na Msimbazi, yatafika Jangwani baadaye, na barabara itafungwa kwa mvua ambayo watu wa mjini hawakuiona. Mvua hiyo haina fomula. Una vipima mvua vichache vilivyotawanyika na unatakiwa kujua jumla ya maji. Mwaka 1911 Mmarekani Alfred Thiessen alipendekeza kila kipima mvua kipewe eneo lililo karibu nacho kuliko vipima vingine, zidisha, jumlisha. Wanafunzi wa maji wanazichora poligoni hizo kwenye somo la haidrolojia, wanazipata vizuri tu, na hakuna anayewanong'oneza kwamba ile ni intigrali ya mara mbili iliyovaa nguo za kazi.

Kitu ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni ndoo.

Ndoo ya plastiki ya lita 20, hii ya kawaida, ipo kila nyumba. Nawaambia waipime wenyewe kwa futi ya fundi. Yangu, kwa ndani, ina mdomo wa sentimita 30, kitako cha sentimita 24, na kimo cha sentimita 35. Inapanuka kuelekea juu, kwa hiyo si silinda. Ukiikata mlalo kwenye kimo z, unapata duara lenye nusu kipenyo cha 12 + 3z/35. Eneo lake ni π mara hicho kipeo cha pili. Intigreti kutoka sifuri hadi 35, inatoka 6405π, yaani sentimita za ujazo 20,122 hivi. Lita ishirini na tone. Kila ninapofanya hesabu hii na kundi jipya, kuna mtu anasema "duh!" kwa sauti, kwa sababu hakutegemea namba za kwenye daftari zikutane na ndoo ya bafuni.

Swali la pili ndilo lenye uchungu. Jaza ndoo hadi nusu ya kimo, sentimita 17.5. Ni lita ngapi? Karibu wote wanasema kumi. Intigreti hadi 17.5 tu: inatoka lita 8.9. Lita kumi kamili zinafika kwenye sentimita 19.3 hivi. Mtu anayeuziwa "nusu ndoo" kwa kuangalia kimo anapunjwa lita moja na zaidi, na hakuna aliyemdanganya isipokuwa jicho lake. Nilimweleza habari hii dada anayetuuzia maji mtaani, nikidhani nimemletea ufunuo. Akanitazama. "Ndiyo maana mimi napima kwa dumu, madam."

Wamisri walishaipiga hesabu ya jamii hii karibu miaka 1850 kabla ya Kristo. Kuna mafunjo, sasa yapo Moscow, yenye swali la piramidi iliyokatwa kichwa: kitako upande wa 4, juu upande wa 2, kimo 6. Jibu lao ni 56, na ni sahihi kabisa. Walifikaje pale bila kalkulasi, karatasi yenyewe haisemi.

Baada ya ndoo nawapa pembetatu ndogo, na hapa ndipo ninapomtambua atakayefika mbali. Pembetatu ina pembe kwenye (0,0), (0,1) na (1,1). Swali linasema: intigreti e^(y²), y ikianzia x hadi 1, kisha x ikianzia 0 hadi 1. Mwanafunzi anaanza na y kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Anajaribu kubadilisha kigeu. Anakosa y ya kuzidisha. Anajaribu kwa sehemu. Mambo yanazidi kurefuka. Anafungua simu kwa siri chini ya meza. Hataipata huko. Intigrali ya e^(y²) haiandikiki kwa funksheni tunazozijua, na hilo si suala la werevu: Joseph Liouville alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba zipo intigrali za aina hiyo na jinsi ya kuzithibitisha kuwa haziwezekani.

Namwacha ahangaike kidogo. Kisha nampa rula, namwambia ailaze upande mwingine, mlalo. Unaingilia wapi? Kwenye x = 0. Unatokea wapi? Kwenye mstari x = y. Rula inaanzia y = 0, inaishia y = 1. Sasa anaintigreti x kwanza, na kwa kuwa e^(y²) haina x ndani yake, inatoka y mara e^(y²). Ile y aliyoikosa mwanzoni imejileta yenyewe. Mistari miwili baadaye ana jibu: (e − 1)/2, karibu 0.859.

Wengi hufurahi. Kijana mmoja wa umeme alikasirika. Alitupa kalamu mezani akasema, "Sasa kwa nini wasingetuandikia hivyo tangu mwanzo?"

Nimelifikiria sana swali lake, maana ndani yake mna elimu yetu nzima. Anataka mipaka ije imeandikwa, tena imeandikwa kwa mpangilio unaokubali. Kazini hakuna atakayemwandikia. Atapewa shimo, au paa, au waya unaopitisha umeme, na hata alama ya intigrali haitakuwepo.

Kugeuza mpangilio nako kuna masharti yake. Mfano maarufu ni funksheni (x² − y²) gawanya kwa (x² + y²) kipeo cha pili, juu ya mraba wa 0 hadi 1. Ukianza na y unapata π/4. Ukianza na x unapata −π/4. Umbo lilelile, funksheni ileile, majibu mawili yanayotazamana. Tatizo liko kwenye pembe ya (0,0), ambako funksheni inapanda hadi mawinguni upande mmoja na kuzama upande wa pili. Ruhusa ya kugeuza inatokana na kazi za Waitalia wawili, Guido Fubini mwaka 1907 na Leonida Tonelli mwaka 1909. Kwa mhandisi, cha Tonelli ndicho cha kushika: funksheni isiposhuka chini ya sifuri, geuza utakavyo. Kifusi, maji, mafuta, uzito, hakuna lita hasi duniani. Wa shahada ya hesabu tupu ndio wanaobaki na kesi ngumu, na nawatakia heri.

Halafu kuna ile r.

Kila anayehamia kwenye mfumo wa pola, ambako nukta inatajwa kwa umbali r kutoka kitovuni na pembe θ, anaambiwa kwamba dx dy, kile kipande kidogo cha eneo, inageuka kuwa r dr dθ, na kila mmoja, mapema au baadaye, anaisahau r. Kuwaambia "msisahau" hakusaidii chochote. Kilichosaidia ni chapati. Nilituma mtu kwa mama ntilie wa jirani, akaleta moja, tukaikata kwa mkasi vipande vinane vya pembe sawa, kama unavyomkatia mtoto. Kisha kila kipande tukakikata katikati, nusu ya njia kutoka kitovuni kwenda ukingoni. Sehemu ya ndani na ya nje zina pembe ileile, na urefu ni uleule. Je, utakubali kupewa ya ndani? Hakuna aliyekubali. Ya nje ni kubwa mara tatu kamili: duara la nusu ya nusu kipenyo lina robo ya eneo, kwa hiyo robo tatu imebaki nje. Kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, pembe ileile inabeba eneo kubwa zaidi, na r ndiyo inayolipia tofauti hiyo. Ushahidi tuliula na chai.

Jumla ya habari hiyo, kwa mageuzi yoyote ya mfumo, inabeba jina la Carl Jacobi, aliyeiandikia kazi ndefu mwaka 1841. Ukitaka kuona r ikifanya muujiza, chukua e^(−x²) kutoka hasi ya ukomo hadi chanya ya ukomo. Peke yake inagoma, ni ndugu wa ile tuliyoiona. Izidishe kwa pacha wake wa y, iwe ya mara mbili, hamia pola, na ile r inakuja kuikamilisha kama y ilivyofanya kwenye pembetatu. Jibu ni π, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa kipeuo cha pili cha π. Wanaosoma takwimu wamekuwa wakiiandika hiyo π kwenye fomula ya mchoro wenye umbo la kengele miaka yote bila kujua duara liliingilia wapi.

Mfumo wa tufe, unaotaja nukta kwa umbali mmoja na pembe mbili, nitaupita haraka, nina malalamiko yangu mawili tu. La kwanza ni la alama. Vitabu vingi vya hesabu vinaita φ ile pembe inayoshuka kutoka mhimili wa z, na θ ile inayozunguka. Vitabu vya fizikia na vya sumakuumeme vinafanya kinyume. Mwanafunzi wa umeme anasoma vyote katika mwaka mmoja, Jumatatu hivi, Jumatano vile, na asipotahadharishwa ataweka sini kwenye pembe isiyohusika. Mimi nawalazimisha waandike juu ya ukurasa, kila mara, ipi inashuka na ipi inazunguka. La pili ni kwamba wanaupenda mno. Wakiona tu neno "tufe" kwenye swali wanaruka huko, hata pale ambapo umbo ni tufe lililokatwa na ubao mlalo, na silinda ingewapeleka kwa raha.

Na madesa, yale makaratasi ya maswali yaliyokwisha kusolvwa ambayo wanafunzi wanapeana. Sina ugomvi na desa lenyewe, mimi pia nimelitumia, na pasti pepa zilizosolvwa vizuri zimeokoa watu wengi wasidisko, yaani wasifukuzwe chuo kwa kufeli. Shida ni kwamba desa linaanzia pale uamuzi ulipokwisha. Mstari wake wa kwanza ni intigrali iliyokamilika, mipaka juu na chini. Ile nusu saa ambayo mwandishi wake alichora, akafuta, akageuza upande, haimo. Ukikariri madesa kumi umekariri maamuzi kumi ya mtu mwingine, na mtihani utaleta la kumi na moja.

Nina mashaka hayohayo na zile picha za kompyuta zinazozunguka kwa rangi kwenye projekta. Zinapendeza, na kwa umbo gumu huwa nazitumia, lakini baada ya mkono kuchora, sio kabla. Umbo linalozunguka lenyewe linakuonyesha kila upande, na mtazamaji anatoka darasani akiwa ameelewa kila kitu isipokuwa aanze kukata wapi. Mchoro mbaya wa mkono, wenye mistari iliyopinda, unakulazimisha uulize upande wa nyuma ukoje. Yule mhadhiri wetu wa taratibu alikuwa anatupa muda wa kuuliza hilo, ingawa wakati ule sisi tulidhani ni uzee.

Wakishapita hapo nawapa mabomba. Mabomba mawili yenye nusu kipenyo sawa r, yanakatana kwa pembe mraba, kama pale fundi anapounga njia nne. Sehemu iliyo ndani ya mabomba yote mawili ina ujazo gani? Anayekata kwa kufuata bomba moja anapata vipande vya miduara iliyokatwa na anazama. Anayekata mlalo, sambamba na mabomba yote mawili, anapata kitu ambacho hakutegemea: kila kipande ni mraba. Kwenye kimo z upande wa mraba ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha r² − z², eneo ni 4(r² − z²), na intigrali ya kidato cha tano inatoa 16r³/3. Hakuna π. Kutoka kwenye mabomba ya mviringo limetoka jibu lisilo na π, na mezani kwangu hapo huwa panatokea mabishano makali kuliko ya Simba na Yanga. Archimedes alilijua jibu hili. Uchina, Liu Hui wa karne ya tatu alilitazama umbo hilo akaona hawezi, akaandika wazi kwamba anamwachia atakayeweza. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Zu Gengzhi akaweza, kwa kukata mlalo.

Waliobaki na hamu huwa nawaongezea bomba la tatu, wima, lenye r ileile, likipita kwenye makutano yaleyale. Hili siwasolvii. Nawapa njia ya kujikagua tu: tufe la nusu kipenyo r linaenea ndani ya mabomba yote matatu, kwa hiyo kwa r = 1 jibu haliwezi kuwa chini ya 4.19, na haliwezi kuzidi la mabomba mawili, yaani 5.33. Linatakiwa kutoka 8(2 − √2)r³, ambayo kwa r = 1 ni 4.69 hivi. Wiki iliyopita yule kijana wa umeme alinitumia picha ya daftari lake saa tano usiku. Michoro minne, mitatu imekatwa kwa wino mwekundu, na chini ya wa nne ameandika: "Madam, nimekata kwa nusu ya robo, pola, θ kuanzia 0 hadi π/4. Nizidishe kwa 16, si ndiyo?"

Ndiyo, kumi na sita.